Uzi wa Mafundo Manne

Shamba la Farasi la Pusztakút
2 Septemba 1974

Mjomba Vendel mpendwa,

Shikamoo. Najua sijakuandikia tangu Pasaka, na leo naandika kwa sababu nina shida. Nitukane unavyotaka, ila soma mpaka mwisho.

Nataka unishonee buti. Buti ndefu za ngozi nyeusi, za kupandia farasi, zifike chini ya goti. Jumapili ya tarehe tatu Novemba shamba zima linatoka kwa ile safari ya vuli, kuruka mitaro na nyua mpaka msituni na kurudi. Safari ikiisha, Ndugu Dobsa, mkuu wa mabanda, huchagua mtunza farasi mmoja awe mpandaji wa farasi wachanga. Mwaka huu ameniambia mwenyewe, usoni, kwamba ninaweza kwenda na Szikra, yule jike niliyemlea tangu siku aliyodondoka kwenye majani. Kisha akanitazama miguu. "Lakini atakayekuja na gambuti atarudi kwenye koleo lake." Mimi koleo hilo la samadi nimelishika miaka minne, Mjomba. Nalijua kuliko ninavyojua sahani yangu.

Na Baba naye amenipa siku. Amesema kama sijawa mpandaji ifikapo sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe kumi na moja Novemba, nirudi nyumbani, ameshanipatia nafasi kwenye kiwanda cha kuku. Nikanyonyoe kuku! Sinyonyoi. Nasema mapema ili kila mtu asikie.

Nimekwenda Szolnok kwenye duka la viatu. Muuzaji alisukuma, mimi nikasukuma, wateja wakatutazama, na buti ikagoma katikati ya shavu la mguu. Akafuta jasho, akanipima kwa macho na kuniambia, "Dada, hizi zimeshonwa kwa ajili ya miguu, siyo kwa ajili ya nguzo." Nikacheka. Kwenye treni nikalia kidogo. Fundi wa Budapest anataka zaidi ya mara mbili ya nilichonacho, na nilichonacho ni forinti mia saba, basi.

Utanishonea?

Mpwa wako,
Orsolya


Szentes, 9 Septemba 1974

Mpwa wangu Orsolya,

Marahaba. Sikutukani, umeshapita umri wa kutukanwa.

Buti sishoni. Karakana nimeifunga tangu baridi ya mwaka juzi, ngozi nimeiuza, na usiniulize tena. Lakini kuchagua nitakufundisha. Kwa hela hiyo buti unapata, ukinisikiliza.

Usinunue mpya za bei rahisi. Ngozi yake ni nyembamba, na ndani wameweka karatasi pale palipotakiwa ngozi ngumu. Tafuta za zamani zilizoshonwa na mtu anayejua kazi. Nenda duka la mitumba, ulizia wajane, ulizia wapandaji wenzako wenye kabati zilizojaa.

Ukizipata, usitazame mng'aro. Tia mkono ndani mpaka kisiginoni, upapase. Kisigino kiwe kigumu. Ukikuta mkunjo unaokwaruza kidole, huo huo utakula soksi, kisha utakula wewe. Kunja pale kwenye kifundo cha mguu uweke sikio. Ngozi iliyokauka utaisikia. Halafu vaa, simama, tembea, chuchumaa. Vidole vya mguu vilale bapa. Kisigino kinyanyuke kidogo tu, upana wa ukucha. Anza na unyayo siku zote, maana shavu la mguu fundi anaweza kulipanua upana wa kidole kimoja, lakini unyayo ukibana, umebana.

Sasa nitumie vipimo. Sentimita sizitaki. Chukua uzi wa katani. Shika ncha, zungushia kifundo cha mguu, funga fundo. Ncha ile ile, zungushia chini ya goti, fundo la pili. Ncha ile ile, zungushia shavu la mguu pale palipo panene kuliko pote, fundo la tatu. Kisha kaa kitini, goti likunjwe sawasawa, upime toka sakafuni mpaka kwenye mkunjo wa nyuma ya goti, fundo la nne. Utie kwenye bahasha.

Mjomba wako,
Vendel


Pusztakút, 17 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Uzi huo hapo ndani. Farasi wanapimwa kwa fimbo yenye namba, mimi napimwa kwa kamba kama gunia la viazi, lakini haya, wewe ndiye fundi.

Kwanza nikusifu: mwandiko wako umekuwa mzuri! Pasaka ilikuwa kama kuku amepita na matope miguuni, sasa kila herufi imekaa mahali pake. Unafanya mazoezi?

Nimeona jozi tatu. Ya kwanza iko duka la mitumba, ilikuwa ya afisa wa jeshi, inang'aa mpaka niliona meno yangu. Forinti mia nne. Ya pili ni ya Kinga, yule mpandaji wetu wa kike. Baba yake alimnunulia mpya kabisa kutoka kwa fundi, na hazimkai, zinampwaya kote. Ngozi nene, ngumu kama ubao. Anataka mia sita na hamsini. Ya tatu ni ya mjane mmoja kijijini, mumewe alikuwa dereva wa magari ya farasi. Zimejaa vumbi, za kijivu, panya wamelala ndani. Mia mbili tu.

Moyo wangu uko kwa afisa. Niambie haraka, maana kuna mtu mwingine anazizungukia.

Orsolya


Szentes, 24 Septemba

Orsolya,

Umenidanganya.

Uzi wako nimeushika. Fundo la tatu limekaribia la pili hadi yanataka kubusiana. Binti mwenye shavu la mguu jembamba kiasi hicho asingegomewa na buti ya dukani. Umeuvuta. Umeuvuta kwa sababu muuzaji fulani wa Szolnok alikuita nguzo, na sasa unataka mjomba wako akuone mwembamba kwenye bahasha. Mimi sitaki kukuoa, nataka uvae buti!

Nilimshonea mama yako buti alipokuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa na miguu ya kubebea dunia na wala hakuomba radhi kwa mtu. Wewe ni mwanawe. Pima tena, jioni baada ya kazi mguu ukiwa umevimba, juu ya suruali ya kupandia, na uuzungushe uzi bila kuuvuta.

Afisa: zikunje mbele ya muuzaji. Mng'aro mwingi hufunika mambo mengi. Mjane: tia mkono. Kama panya wametafuna kisigino, achana nazo. Za Kinga: unyayo ukikaa vizuri, omba uzivae ndani ya nyumba siku mbili kabla ya kulipa.

Mwandiko wangu hauhusiani na buti.

Vendel


Pusztakút, 2 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo na unisamehe. Niliuvuta. Nilisimama peke yangu bafuni, hakuna aliyeniona, na bado niliuvuta. Huu hapa mpya. Nimepima jana jioni baada ya kubeba maji ya mabanda mawili, juu ya suruali, na uzi nimeulaza tu. Nilivyouona urefu wake nilitaka kuukata, lakini sikuukata.

Afisa kaniaibisha. Nilizikunja mbele ya muuzaji kama ulivyosema, ikalia kraa! na nyufa zikatokea kama tope la kiangazi. Muuzaji akanifokea kwamba nimeziharibu. Nikamwambia hizo zimeharibika tangu afisa alipokuwa koplo. Za mjane nilitia mkono, mkono ukatokea upande wa pili. Tulicheka, mjane na mimi, akanipa mkate na mafuta ya bata, nikaondoka.

Basi nimenunua za Kinga! Unyayo, Mjomba, kama walinipima mimi nikiwa nimelala. Vidole bapa, kisigino upana wa ukucha. Shavu la mguu linaingia kwa shida lakini linaingia. Tatizo moja tu: zinapanda mno. Nyuma ya goti zinanila nyama. Siku nne nimezivaa toka kulisha alfajiri mpaka jioni, na natembea kama nimeegemea vijiti, damu inatoka. Lakini hilo dogo. Bugyi, fundi wetu wa matandiko, amesema Ijumaa atakata upana wa vidole viwili kule juu, dakika kumi kazi imekwisha. Ukipata barua hii mimi nitakuwa napiga magoti kanisani kama mtu mwema.

Tarehe tatu Novemba nitakuwa juu ya Szikra. Naona kabisa.

Orsolya wako


TELEGRAMU
Szentes, 5 Oktoba, saa tatu asubuhi
KWA ORSOLYA BAKOS, PUSZTAKÚT
USIKATE. VENDEL.


Pusztakút, 7 Oktoba

Mjomba,

Telegramu ilifika Jumamosi mchana. Bugyi alikata Ijumaa.

Kwa nini? Niambie kwa nini. Zinakaa vizuri sasa, nakunja goti, nashuka ngazi. Lakini Kinga alipoona vile vipande viwili mezani alishika mdomo, na Bugyi toka hapo ananikwepa. Kuna jambo wote mnalijua ila mimi.

Orsolya


Szentes, 10 Oktoba

Mpwa wangu,

Jambo lenyewe ni hili, na kosa ni langu.

Buti mpya ya kupandia hushonwa ndefu kupita kiasi, vidole viwili, makusudi. Lazima iume nyuma ya goti. Mpandaji anauma meno wiki mbili tatu, na ngozi ya kifundo cha mguu inaanza kujikunja, inaketi, na buti yote inashuka mpaka mahali pake. Kila mtoto wa fundi anajua. Nilikuandikia kuhusu za zamani tu, ambazo zimeshashuka. Nilidhani hutapata mpya kwa hela hiyo, kwa hiyo sikukuambia. Arobaini na moja ni miaka yangu ya kazi hii, na nikasahau jambo la siku ya kwanza.

Pengine ngozi ni nene, haitashuka sana. Zivae utazame. Niandikie.

Vendel


Pusztakút, 16 Oktoba

Mjomba,

Zimeshuka. Zimeshuka vidole viwili na nusu na bado zinashuka. Kule juu zimefika katikati ya shavu la mguu, pale pale palipo panene, na zinapanuka kama bakuli. Kinga anasema nafanana na mpeleka barua. Jana Ndugu Dobsa alinipita bandani, akasimama, akanitazama toka goti kushuka. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na buti zangu.

"Bakos," akasema, "hizo ndizo?"

"Ndizo, Ndugu Dobsa."

"Mikanda ya vikuku vya kupandia itakuchuna ngozi kabla hujafika kwenye mtaro wa kwanza. Siwezi kumpeleka mtu hivyo." Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya, ningemchukia nikapata nguvu.

Zimebaki siku kumi na nane na forinti hamsini. Baba ameandika kwamba bata wa kuliwa sikukuu ya Mtakatifu Martin ameshaanza kunenepeshwa. Nimesoma barua yake, nikaenda kwa Szikra, nikaegemea shingo yake nikamwambia ukweli: nitakwenda tarehe tatu hata kwa miguu iliyofungwa magunia. Sijui nitafanyaje, lakini kuku sinyonyoi.

Huhitaji kujilaumu. Ningeweza kusubiri siku tatu nipate jibu lako. Sikusubiri kwa sababu iliuma, na mimi maumivu nayavumilia kwa farasi tu.

Orsolya


Szentes, 18 Oktoba

Orsolya,

Nitumie buti leo hii. Zifunge kwenye gazeti na gunia, andika FUNDI, ziende kwa treni.

Usije wewe. Narudia, usije. Karakana ni chafu, na mimi nikifanya kazi sipendi mtu pembeni. Bakia na farasi wako, mpande kwa gambuti kila siku mazoezini ili nyonga zisisahau.

Sikuahidi kitu.

Vendel


Pusztakút, 19 Oktoba

Mjomba,

Zimetoka kwa treni ya saa nne. Nimetia na vile vipande viwili alivyokata Bugyi, labda utaviunga. Kimoja nilikikuta shingoni mwa mbwa wake, amekifanya mkanda. Ilibidi nimpe mbwa mkanda wangu wa suruali. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimejifunga kamba ya ng'ombe, ujue tu jinsi mambo yalivyo.

Ulisema karakana umeifunga na ngozi umeiuza. Siulizi. Umesema nisiulize.

Orsolya


Szentes, 28 Oktoba

Binti mpendwa Orsolya,

Hunijui. Mimi ni Ilka Csorba, jirani wa mjomba wako, nyumba yenye mlango wa kijani. Pengine ulinipita ukiwa mdogo ukamrushia jiwe paka wangu, sikumbuki vizuri ni wewe au ni nani. Naandika jikoni kwangu na yeye hajui, na akijua atanitoa roho.

Tazama mwandiko, mwanangu. Ndio ule ule uliousifu. Nilifurahi kweli, maana hapa hakuna anayenisifu.

Vendel haoni. Jicho la kushoto lilizimika mwaka juzi, na la kulia Juni hii. Sasa anajua tu kama ni mchana, na hata hilo anakisia kwa jogoo wangu. Barua zako mimi ndiye namsomea, zake anasema naandika. Hataki mtu wa ukoo ajue, kwa sababu anaogopa mtampeleka nyumba ya wazee ya mkoa, na huko, anasema, wanawapa watu kijiko tu, hata kisu cha mkate hawawapi. Ndiyo maana alitaka uzi. Sentimita angezifanyia nini maskini?

Nikueleze la uzi wako wa pili. Ulipokuja aliupapasa fundo kwa fundo. Akainuka, akaenda kabatini akigonga kila kitu njiani, akatoa buti za mama yako. Zile alizomshonea akiwa na miaka kumi na tisa. Marehemu alizirudisha kwake siku alipoolewa, kwa sababu mume hakutaka farasi nyumbani, wala alama ya farasi. Vendel akazipaka nta kila mwaka, alipokuwa akiona na akiwa kipofu. Basi akauzungushia uzi wako. Fundo la pili likakaa kwenye ukingo. Fundo la tatu likakaa kwenye shavu. La nne likafika juu barabara. Kila fundo! Alikaa nazo mapajani mpaka supu yangu ya maharage ikaganda. Nikamwambia, "Basi si umpelekee?" Akasema, "Unyayo, Ilka. Viatu vyake vya kipaimara nilivishona mimi, na tayari alikuwa amempita mama yake vidole viwili. Amechukua unyayo wa baba." Akazirudisha kabatini, na mimi nikadhani yamekwisha.

Halafu zikaja zako, unyayo mzuri na juu pamekatwa. Hapo ndipo nikamwona mtu anacheka peke yake! Maana wao mafundi wa hapa, sehemu ya juu wanaiita shina na ya chini kichwa, na enzi za umaskini watu walikuwa wanabadilisha vichwa, shina moja linakula vichwa vitatu vinne. Akasema, "Ilka, nina shina lisilo na kichwa na kichwa kisicho na shina." Kama ameokota dhahabu.

Wiki nzima sasa anashona. Mimi natia uzi kwenye sindano, yeye anatafuta vile vitobo vya zamani kwa ukucha, anapitisha. Msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, umemwingia kidole gumba mara mbili. Nikimwambia pumzika ananiita mama wa kambo. Mguu wa kushoto mshono umepinda kidogo, nimeona, sikumwambia. Jana akauliza, "Umenyooka?" Nikasema umenyooka. Mungu anisamehe, na wewe usimwambie.

Naandika kwa sababu nilitaka mtu mmoja wa damu yake ajue anachofanya. Usije kumlilia. Hapendi.

Ilka Csorba


Szentes, 30 Oktoba

Orsolya,

Ndani ya gunia kuna buti zako. Unyayo ni ule ule. Mashina ni ya buti za mama yako. Yameshashuka zamani, hayatashuka tena, na hayatakuuma.

Vaa soksi nyembamba. Paka nta kwenye mshono leo na kesho, uiache ilale. Usipake dawa ya viatu yenye mng'aro, hii ngozi haihitaji kujificha. Ukivuta kuvaa, shika yale masikio ya ndani, vile vitanzi, usishike ukingo.

Mama yako aliniambia atazivaa kwenye safari ya vuli ya Pusztakút. Ilikuwa mwaka wa hamsini. Hakwenda. Sikukuambia kabla ili usipande farasi kwa ajili ya mtu mwingine. Panda kwa ajili yako.

Nilichelewa kukuambia la vidole viwili. Hili la kupanda kwa ajili yako nimekuambia kwa wakati.

Mjomba wako,
Vendel


Pusztakút, 4 Novemba

Mjomba wangu Vendel,

Shikamoo, na shikamoo tena.

Zilifika Jumamosi. Nilijifungia kwenye chumba cha matandiko nikazivaa. Sikuvuta hata mara mbili. Ziliingia, zikanishika mguu mzima, zikanyamaza. Nikakunja goti, nikachuchumaa, nikapanda kwenye pipa nikashuka. Hakuna kilichouma popote. Nilikaa sakafuni na buti za mama miguuni, nikalia kwa sauti, na Bugyi akabisha mlango akiuliza kama nimezikata tena.

Jana asubuhi Ndugu Dobsa alitupanga mstari. Alipofika kwangu aliinama kabisa, akavua glavu, akapitisha kidole kwenye mshono wa mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Hapo kushoto kidole kikasimama.

"Nani kashona?"

"Mjomba wangu. Vendel Sipos wa Szentes."

"Vichwa vimebadilishwa," akasema. "Sijaona kazi hii tangu babu yangu." Akasugua tena kwa kidole gumba. "Inavuja?"

"Haivuji."

"Basi unangoja nini? Panda."

Tulikwenda, Mjomba. Kwenye kijito maji yalifika juu ya vikuku vya kupandia, na nilipovua jioni soksi zangu zilikuwa kavu, zote mbili, na ya kushoto pia. Mtaro wa kwanza Szikra aliuruka kama hauoni. Kwenye ua mkubwa karibu na msitu watatu walizunguka pembeni. Kinga aliniambia nizunguke. Nikahisi mashina yamenishika miguu na miguu imemshika Szikra, nikajua nikimgeuza sasa nitamgeuza maisha yangu yote. Sikumgeuza. Niliita "Mama!" kwa nguvu zote, kila mtu akasikia, na hata sioni aibu.

Umesema nipande kwa ajili yangu. Nilipanda kwa ajili yangu mpaka pale kwenye ua. Pale kidogo nilipanda na yeye. Utanisamehe.

Jioni Ndugu Dobsa alisema maneno machache, kama kawaida yake. "Bakos. Jumatatu rudisha koleo stoo." Leo ni Jumatatu. Nimelirudisha. Mtunza stoo akaniambia nitie saini, nikatia saini. Szikra ni wangu wa kumfundisha mpaka masika, na baada yake wawili wengine. Baba nimemwandikia ale bata wake kwa amani.

Krismasi nina siku tano. Nitakuja Szentes, na safari hii usiniambie nisije, maana nakuja. Sitakuja kulia. Nitakuja na mafuta ya bata kwa ajili ya Bi Ilka wa mlango wa kijani, ambaye nasikia ana paka, na utanifundisha kuweka kichwa kwenye shina. Buti nyingi hapa zimetupwa kwa kukosa mtu anayejua. Bugyi amesema atanipa pembe ya meza yake. Wewe utakaa pembeni unitukane.

Mwandiko wako bado mzuri sana, endelea hivyo hivyo.

Ndani ya bahasha kuna uzi. Leo asubuhi nilirudi kule msituni kwa miguu, nikasimama chini ya ule ua, nikaupima urefu. Weka ncha ya uzi sakafuni, ukanyage, kisha upandishe mkono polepole mpaka ukute fundo. Hapo ndipo tulipopita, mimi na Szikra.

Sikuuvuta hata kidogo.

Orsolya